Shuka Tring, fuata tunda la mwaloni: vilima vya chaki, msitu wa kale na mabwawa kwa miguu

Mara ya kwanza nilipompeleka shemeji yangu kutembea Chilterns, kaskazini-magharibi ya London, tulifika kwenye geti la shamba la ngano akasimama kama nguzo. "Shemeji, hapa ni kwa mtu. Hata hodi hatujapiga." Nikamwonyesha kimshale cha manjano kilichopigiliwa kwenye mwimo wa geti, hakizidi kiganja cha mtoto. Akakitazama, akaitazama nyumba ya mkulima kule mbali, akaniambia nitangulie mimi, ili kama kuna mbwa aanze na mimi.

Tuliolelewa na hodi, jambo gumu katika matembezi ya Uingereza si mlima wala baridi. Gumu ni kuamini kwamba unaruhusiwa. Njia za miguu za huku ni haki ya umma hata zinapokatiza katikati ya shamba la mtu: mwenye shamba ni mwenye shamba, lakini njia ni ya wapitaji, na sheria inamtaka aiache ionekane hata akishapanda mazao. Wewe nawe baki ndani ya njia, funga geti ulilolikuta limefungwa, acha wazi ulilolikuta wazi, na usichume kitu. Ukishakiamini kile kimshale, mengine ni buti na chai.

Nimechagua Tring, mji mdogo wa huko Chilterns, kwa sababu tatu. Treni inatoka stesheni ya Euston, London, na kufika kwa takriban dakika 40. Huhitaji gari wala basi, maana njia zinaanzia mlangoni pa stesheni. Na ndani ya mwendo wa siku moja au mbili unapata vilima vya chaki, msitu wa kale na mabwawa ya maji, vyote vimesogeleana. Mimi navigawa: vilima na msitu siku moja, kama kilomita 14, mabwawa siku nyingine, kilomita 9 au 10 za tambarare. Wapo wanaovifanya vyote kwa siku moja ya kiangazi. Waache.

Kabla hujatoka nyumbani

Chagua siku kwanza kwa kuangalia jua linazama saa ngapi, ndipo uangalie mvua. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Juni linakaa hadi baada ya saa tatu usiku. (Mkipanga safari na vijana waliozaliwa huku, semeni wazi ni saa za Kiswahili au za Kiingereza. Nimewahi kumsubiri mtu Euston tangu saa tatu asubuhi, naye akaja saa tisa alasiri, saa tatu kweli kwa saa zake.) Wakati mzuri kuliko wote ni kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, na sababu yake utaiona msituni.

Viatu ndivyo visivyo na mjadala. Raba nyeupe za mjini hapana. Chaki kavu haina shida, lakini ikilowa inakuwa kama sabuni ya kipande iliyosahauliwa sinkini, na juu ya vilima kuna udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe, unaong'ang'ania soli mpaka kila mguu una uzito wa tofali. Vaa buti zenye meno na soksi nene. Beba koti la mvua hata kama utabiri unaapa kwamba hakuna mvua, sweta moja zaidi ya unayodhani unaihitaji, na suruali ndefu hata Julai. Kando ya njia kuna majani yanayowasha kama upupu, na kwenye nyasi ndefu kuna kupe.

Hao kupe usiwapuuze kwa kuwa ni wadogo. Wengine wanabeba ugonjwa wa Lyme. Jikague jioni nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute taratibu bila kumminya. Ukiona baadaye duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi, au homa ikikupata, nenda kwa daktari umwambie uling'atwa na kupe.

Chakula: kuna mikahawa njiani, nitaitaja, ila chapati mbili zilizoviringishwa na mayai ya kuchemsha juu ya kilima ni raha ambayo sandwichi ya stesheni haiifikii. Chukua chupa ya chai, na lita moja ya maji kwa kila mtu. Wanaoswali wabebe maji ya kutawadhia na mkeka mwepesi. Kibla kutoka huku ni kusini-mashariki.

Ramani: nunua ile ya Ordnance Survey Explorer namba 181, au ipakue kwenye simu kabla ya kuondoka, kwani chini ya miti mtandao unakatika. Njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Ile programu ya ramani unayotumia mjini itakupeleka barabarani, kwenye lami, na hutauona mlima.

Kusoma alama

Kimshale cha manjano ni njia ya miguu tu. Cha bluu ni ya miguu, farasi na baiskeli, kwa hiyo ukisikia kwato nyuma yako simama pembeni, usipige kelele, msalimie mpandaji. Zambarau inaongeza mikokoteni ya farasi, na nyekundu inaruhusu hata magari. Halafu kuna alama ya tunda la mwaloni, kokwa ndogo iliyovaa kofia: hiyo ni njia kuu ya taifa. Hapa tunda hilo linakuonyesha Ridgeway, njia ya maili 87 inayoanzia Overton Hill karibu na Avebury na kuishia juu ya Ivinghoe Beacon. Sisi tunatembea kipande chake cha mwisho tu, kama kilomita tano na nusu, na tunapata sifa ya kumaliza bila jasho la kuanza.

Vilima

Ukitoka stesheni pinda kulia, uelekeo wa kijiji cha Aldbury, ukishika ukingo wa barabara. Muda si mrefu tunda la mwaloni litakutoa barabarani kwenda kushoto, na njia itaanza kupanda kuingia kijisitu cha Aldbury Nowers. Kuna ngazi. Panda polepole, anayekimbia ngazi hizi ndiye anayeomba kupumzika Pitstone Hill.

Ukitoka kwenye miti unafika Pitstone Hill na dunia inafunguka: nyasi fupi, upepo, na bonde lote la Aylesbury chini kushoto. Angalia chini utaona kinu cha upepo cha mbao, Pitstone Windmill, chenye mwaka 1627 uliochongwa ndani yake. Kisha angalia ulipokanyaga. Panapopita buti nyingi nyasi zimetoka na chini yake ni nyeupe. Okota kipande: ni chepesi, kinaacha unga vidoleni, na ukikisugua kwenye jiwe kinaandika. Hii ndiyo chaki, masalia ya viumbe wa baharini wadogo mno waliozama sakafuni mwa bahari enzi za dinosaria, wakajikusanya kwa mamilioni ya miaka. Mtu wa Lamu au Unguja hapa hapati mshangao mkubwa. Nyumba za kwao zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, mawe yaliyozaliwa baharini vilevile; tofauti ni kwamba bahari ya hapa ilishaondoka.

Ndani ya chaki utakuta mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika, yamefunikwa gamba jeupe. Ni gumegume, lilelile lililotoa cheche kwenye bunduki za zamani. Lina makali, mtoto asilichezee.

Jambo jingine utakaloligundua ni kwamba hakuna kijito. Mvua inanyesha, lakini chaki inainywa yote, na maji yanatokeza kwenye chemchemi chini ya mlima. Ndiyo maana vijiji vimejipanga chini na juu hakuna kitu. Usitegemee kujaza chupa huku.

Vuka barabara penye maegesho ya magari, endelea na tunda la mwaloni. Njia itazunguka ukingo wa bonde lililozama ghafla, Incombe Hole, bonde kavu lililochimbwa enzi za barafu. Usishuke ndani, maana kutoka ni kwa magoti. Zunguka juu, pita Steps Hill, vuka barabara nyingine kwa uangalifu, magari yanakuja kwa kasi, na mwinuko mfupi mkali wa mwisho utakufikisha Ivinghoe Beacon, mita 233 juu ya usawa wa bahari.

Ndugu zangu mliopanda Meru au hata Uluguru mtacheka kuita mita 233 mlima. Chekeni, ila shikeni kofia. Upepo wa pale juu hauna kizuizi na unaweza kumnyang'anya mtu chapati mkononi. Hapa palikuwa na ngome ya watu wa kale, kabla ya Warumi kufika. Ukitazama upande wa mashariki utaona simba mkubwa mweupe kwenye kilima cha mbali: alichongwa kwa kuondoa nyasi juu ya chaki, kazi iliyokamilika mwaka 1933, tangazo la bustani ya wanyama ya Whipsnade. Ni simba pekee ninayemfahamu huku asiyetozwa kiingilio.

Ndege mkubwa mwenye mkia uliogawanyika kama mkasi ni mwewe mwekundu. Alikuwa ametoweka England. Kati ya 1989 na 1994 walirudishwa Chilterns kwa makinda yaliyoletwa kutoka Hispania, na sasa wapo kila mahali. Usimtupie chakula. Mwewe ni mwewe.

Kabla ya kuondoka, neno kuhusu ng'ombe, kwa sababu watu wetu wengi wamekua nao na hujiona wataalamu. Wa huku hawachungwi na mtu, wako peke yao na ndama wao, na hawakujui. Pita mbali, usikatize kati ya mama na ndama, usikimbie. Ukiwa na mbwa na ng'ombe wakaanza kukukimbilia, mwachie mbwa kamba: shabaha yao ni yeye, na yeye ana mbio kuliko wewe.

Msitu

Rudi hadi barabarani, kisha fuata njia ya ukingo wa mlima kuelekea kusini, ukiwa umeshaachana na tunda la mwaloni. Ramani itakuonyesha Clipper Down, nawe utaingia katika msitu wa Ashridge, unaotunzwa na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi mazingira na majengo ya kale. Kivuli kinabadilika, na sauti ya upepo inabaki nje kama mtu aliyefungiwa mlango.

England huita msitu wa kale ule uliokuwepo bila kukatika tangu mwaka 1600. Hawasemi miti yenyewe ina umri huo. Wanasema ardhi yenyewe imebaki kuwa msitu tangu wakati huo. Kwa hiyo ukitaka kuutambua angalia chini, usitazame juu. Maua ya blubeli yakiwa yametanda, mara nyingi uko kwenye ardhi ya zamani, kwa kuwa ua hilo husambaa polepole sana. Miti mikubwa ya hapa ni ile iitwayo beech kwa Kiingereza, yenye gome la kijivu laini lisilo na mikwaruzo, ila pale wapenzi walipochonga majina yao. Majani yake yakishajaa, mwanga haufiki chini. Blubeli wanalijua hilo, wanawahi: wanachanua kabla dari halijafunga, wiki tatu hivi za zambarau iliyokolea mpaka macho yanashindwa kupima umbali. Ndiyo sababu nilisema mwishoni mwa Aprili. Dockey Wood, upande wa mashariki wa njia yetu, ndiyo maarufu zaidi kwa maua hayo, na watu wanafurika; mimi huridhika na yale ya njiani.

Usikanyage kwa ajili ya picha. Majani ya blubeli yakishavunjika hayajilishi tena, na inachukua miaka kurudi. Kung'oa vitunguu vyake bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa chini ya sheria ya 1981.

Njia itakuleta kwenye mnara mrefu wa mawe, Bridgewater Monument, uliojengwa mwaka 1832 kwa kumbukumbu ya Duke wa Bridgewater, bwana mkubwa aliyekuwa mstari wa mbele katika ujenzi wa mifereji ya boti England. Karibu yake kuna mkahawa na vyoo. Ndani ya mnara kuna ngazi 172, na siku ukiukuta wazi na magoti yana nguvu, panda.

Nikikaa hapo na kikombe huwa nawasimulia wageni habari ya uzio. Mwaka 1866 Lord Brownlow wa Ashridge aliufunga kwa uzio wa chuma sehemu ya uwanja wa umma wa Berkhamsted, upande wa kusini wa msitu huu, ambako wanavijiji walikuwa wakichunga na kukata kuni. Tajiri mmoja aliyeupinga, Augustus Smith, hakukaa kimya. Usiku wa tarehe 6 Machi treni maalumu iliondoka Euston na vibarua zaidi ya 100, watu wa kuchimba reli. Wakashuka stesheni ya Tring, hiihii uliyoshuka wewe asubuhi, wakatembea gizani hadi uwanjani, na kulipokucha uzio ulikuwa umeng'olewa na kulazwa chini kwa mafungu. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1870 Smith akashinda. Nilipomsimulia shemeji alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe na wao walishawahi kufungiwa." Kuanzia hapo akaacha kuogopa mageti.

Kutoka mnarani, njia ya kushukia Aldbury ni mteremko mkali: mizizi, mawe, na majani yaliyooza yanayoteleza hata siku kavu. Shuka ukiegemea fimbo. Kijijini utakuta bwawa la bata, na kando yake mbao za kale zenye matundu ya kufungia miguu ya wakosaji. Kila mgeni anapiga picha miguu ikiwa humo, hata mimi. Kutoka hapo hadi stesheni ni kilomita moja na nusu hivi, kwa barabara au kwa njia ya mashambani.

Mabwawa, siku ya pili

Siku hii toka stesheni na upinde kushoto. Dakika chache tu utafika kwenye daraja la mfereji wa Grand Union. Shuka kwenye njia ya kando ya maji, pinda kaskazini, uendelee hadi Marsworth. Huwezi kupotea, ni siku nzuri ya kuleta wazee na watoto. Boti nyembamba zilizopakwa rangi zinapita kwa mwendo wa mtu anayetafakari, na wenyewe husalimia.

Ukifika kwenye malango ya maji ya Marsworth, yanayopandisha na kushusha boti kama ngazi, saba yamefuatana kuteremka, simama uangalie boti moja ikipita. Mfereji hapa unavuka mgongo wa Chilterns. Boti ikipandishwa inahitaji maji kutoka juu, na ikishushwa upande wa pili inahitaji mengine, kwa hiyo kila safari inateremsha maji pande zote mbili na kilele kinakauka. Ndiyo maana tangu mwanzoni mwa karne ya 19 yalichimbwa mabwawa manne: Wilstone, Marsworth, Tringford na Startop's End. Yalikuwa matangi tu ya kulisha mfereji. Ndege wakayafanya yao.

Zunguka Startop's End na Marsworth juu ya kuta zake, mwendo wa saa moja kwa asiye na haraka. Mtafute kibisi kishungi, mwenye shingo ndefu na manyoya ya kutu kichwani. Machi na Aprili dume na jike husimama uso kwa uso majini, wakitikisa vichwa, kisha huzama na kuibuka na majani ya maji mdomoni, wakiinuka kifua kwa kifua. Hapa Tring ndipo mwanabiolojia Julian Huxley alipowachunguza na kuandika juu ya ngoma hiyo mwaka 1914. Baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Kaa kimya ukingoni kwa dakika 20, watakusahau.

Ukiwa na nguvu, wakati wa kurudi toka kwenye mfereji pale Bulbourne uende College Lake, shimo la zamani la chaki ya kiwanda cha saruji lililogeuzwa ziwa la ndege. Aliyewahi kutembea Haller Park pale Bamburi ataelewa bila kuelezwa. Na ukiwa na watoto waliochoka, chukua teksi hadi mjini Tring kwenye jumba la makumbusho la Walter Rothschild, aliyefuga pundamilia na kuwafunga wakokote gari lake mjini London. Twiga wa Rothschild wa Kenya na Uganda amepewa jina lake.

Mtu akiumia mahali popote huku, piga 999 au 112, useme jina la kilima au namba ya daraja la mfereji. Madaraja mengi yana namba zimebandikwa.

Ukifika nyumbani usioshe buti zikiwa mbichi za chaki, utapata uji mweupe bafuni kote. Ziache zikauke kabisa barazani, zigonganishe soli kwa soli, kisha brashi.